Kichwa cha Korongo wa Karatasi

Korongo wa origami hukunjwa kwa karatasi moja ya mraba, bila mkasi wala gundi. Wengi humsifu kwa mabawa. Mimi huvutiwa na kichwa, ile pembe ndogo inayoinama mbele, kwa sababu imebeba mkunjo ambao ukiumudu utakufikisha mbali: mkunjo wa kugeuza ndani.

Shingo ya korongo ni ukanda mwembamba wa tabaka mbili zilizoungana mgongoni. Mwenye haraka huilaza ncha upande mmoja, akaridhika. Kichwa kitapatikana, ila kimelala ubavuni, na ndege ataonekana kama aliyevunjika shingo. Fundi huilaza ncha kulia, akapitisha ukucha juu ya mkunjo hadi alama ikae, kisha akairudisha. Huilaza na kushoto, palepale, akairudisha tena. Mpaka hapo hakuna kilichobadilika isipokuwa alama. Ndipo huachanisha tabaka kidogo na kuusukuma mgongo kwa kidole uingie katikati. Karatasi husita, halafu hutii ghafla: kilichokuwa mgongo kimegeuka bonde, na kichwa kimekaa kati ya tabaka mbili za shingo. Kazi yote ilifanywa na zile alama mbili. Kidole kimekuja kumalizia tu.

Itazame pembe hiyo kwa nje uhesabu mikunjo inayokutana pale mgongoni. Ni minne: milima mitatu (mikunjo inayotokeza nje) na bonde moja (mkunjo unaoingia ndani). Si bahati. Kanuni inayojulikana kwa jina la Jun Maekawa yasema kwamba karatasi ikikunjwa ikalala bapa, kila mahali mikunjo inapokutana ndani yake, milima na mabonde hutofautiana kwa 2. Anayelazimisha karatasi bila alama anashindana na hesabu, na karatasi humjibu kwa makunyanzi.

Michoro tunayojifunzia ina deni kubwa kwa fundi wa origami wa Japani, Akira Yoshizawa (1911–2005). Katika kitabu chake cha mwaka 1954 alionyesha mabonde kwa vistari vilivyokatika, na milima kwa vistari na nukta. Hata asiyejua neno la Kijapani huufuata mchoro wa Tokyo akafika.

Usianze na korongo mzima. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, uukunje kwa urefu, kisha rudia mgeuzo huu mmoja hadi pande zote mbili zilingane. Shingo, mkia na kichwa cha korongo ni mkunjo huohuo, mara tatu.