Rangi ya Mgebuka

Mgebuka aliyebanikwa vizuri hutambulika kwa ngozi: dhahabu iliyokolea sawasawa toka kichwani hadi mkiani, bila doa la kuungua wala sehemu iliyopauka. Kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga na hata sokoni Ujiji, mkoani Kigoma, mnunuzi akimshika samaki wa namna hiyo huuliza bei tu. Rangi ile ni kazi ya mikono, na aghalabu ni mikono ya akina mama.

Samaki akishaoshwa huachwa achuje maji kwanza, maana ngozi yenye maji hushika masizi kabla ya kushika rangi. Hupangwa juu ya wavu wa waya, moto wa mwanzo ukiwa mkali kiasi, wa kuivisha. Kisha kuni huvutwa nje, moto ukabaki kufuka, bati likafunika. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mbanikaji haangalii saa. Huinua ukingo wa bati, hubonyeza nyama karibu na uti wa mgongo, mahali panapochelewa kukauka, huhamisha wa katikati kwenda pembeni, hurudisha ukuni mmoja. Mafuta yakichachatika kwenye makaa, anajua moto umepanda. Mchana upepo ukitoka ziwani hukaa upande mmoja. Usiku ukigeuka, naye huhama. Subira hiyo naiheshimu kuliko ufundi mwingi unaosifiwa kwa makelele.

Kuni zinazofuka hutoa kemikali ziitwazo kabonili. Hizo hujishikiza kwenye protini za samaki, na muungano huo ndio huzaa ile dhahabu. Fenoli za moshi, kwa upande wao, huchelewesha mafuta kuchacha.

Lakini moshi haubagui protini ya samaki na ya mtu. Ndani yake mna chembe zisizozidi maikromita 2.5, ambazo unywele wa kichwani huzizidi unene mara ishirini na zaidi. Hupita puani na kooni zikafika mapafuni, ingawa njia ya hewa imetandikwa seli zenye vinyweleo vinavyopepea usiku na mchana, vikisukuma ute na uchafu kwenda juu. Watafiti huziotesha seli hizo maabara, juu hewa na chini maji ya lishe, ili waone moshi unavyozigusa. Akrolini, mojawapo ya kabonili, huinasa protini iitwayo Keap1, ambayo kazi yake ni kuizuia nyingine, Nrf2. Keap1 ikinaswa, Nrf2 huponyoka, huingia kwenye kiini cha seli na kuagiza protini za kinga. Seli nayo ina ufundi wake! Moshi usipokoma, hata hivyo, protini zinazofunga seli na jirani yake hupungua, ute huzidi, na uvimbe hauishi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza cha chembe hizo hewani hadi wastani wa maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka.

Njia ya kupunguza moshi huo ipo: Thiaroye, Senegali, wataalamu wa huko pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) walibuni tanuri lenye trei ya kukinga mafuta yasidondokee makaa, na moshi wake huandaliwa kando. Wazo hilo nalipenda, kwa kuwa halimnyang'anyi mbanikaji kazi yake. Ila tanuri la Kibirizi lisichorwe ofisini bila yeye. Yeye ndiye wa kusema mlango utazame wapi upepo wa mchana ukianza, na kifuniko kiinuke kiasi gani ili kidole kiufikie uti wa mgongo.