Uhuru na Uungwana: Maoni juu ya Kitabu cha "Uhuru wa Watumwa"

Kitabu cha James Mbotela kiitwacho Uhuru wa Watumwa kilipigwa chapa London mwaka 1934, na tangu hapo kimesomwa na wanafunzi wengi wa Kenya. Mwandishi alikuwa mwana wa Frere Town, kijiji cha misheni kilichokuwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na wazee wake walikuwa miongoni mwa watu waliotolewa utumwani. Basi hiki si kitabu cha mgeni aliyepita njia, bali ni habari ya mtu aliyeyasikia mambo kwa wale yaliyowapata. Kwa sababu hiyo twakiheshimu. Na kwa sababu hiyo hiyo twaona yafaa kukipima, kwa maana kinachowekwa mikononi mwa watoto chataka mizani iliyo sawa.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba kiliandikwa. Wazee wa Frere Town walikuwa wakifa mmoja mmoja, na habari zao zingalizikwa pamoja nao. Sifa ya pili ni mwendo wa maneno yake, ambao ni mwendo wa masimulizi, si wa hotuba. Walakini tuna neno juu yake. Kitabu kinawatazama sana wale waliotoa uhuru, na kuwatazama kidogo wale waliopewa. Waingereza wanasifiwa kwa kinywa kipana. Mtumwa naye, ukifuata mwendo wa habari, anakamatwa, anauzwa, anapakiwa, anaokolewa, anafundishwa, anabatizwa. Kila tendo ni la kutendwa. Msomaji mtoto aweza kukifunga kitabu akidhani kwamba babu zake walikuwa mzigo tu, uliotoka katika jahazi moja ukatiwa katika manowari nyingine.

Hapa lugha yetu yenyewe yaweza kutufundisha. Neno mtumwa latoka katika kutuma. Ni mtu wa kutumwa, asiye na shauri lake. Mwenye kupewa uhuru pwani aliitwa huru, au mahuru. Lakini huru hakuwa bado mwungwana. Mwungwana ni mtu mwenye ukoo, mwenye kwao, mwenye jina linalojulikana na jirani. Uhuru waweza kutolewa kwa siku moja, kwa hati au kwa amri ya nahodha. Uungwana hautolewi na mtu. Wazee walisema, uungwana ni vitendo.

Na tuitazame Frere Town kwa neno hilo. Baada ya mapatano ya mwaka 1873, ambayo kwayo Sultani Barghash, akishurutishwa na Waingereza, aliifunga soko ya watumwa ya Unguja, manowari ziliendelea kukamata majahazi baharini. Chama cha C.M.S. kikamtuma Padre W. S. Price kutengeneza mahali pa kuwapokea waliookolewa, na kijiji kikaanzishwa mwaka 1875 katika nchi ya Kisauni, kikaitwa kwa jina la Sir Bartle Frere. Waliteremshwa hapo Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine, kila mtu na lugha yake. Waliwakuta Waafrika waliolelewa Nasik katika Bara Hindi, waliokuwa wamekwisha kujua kusoma na kazi za mikono, nao ndio waliokuwa mkono wa kwanza wa mafundisho.

Haya, na tuulize maswali ambayo mtu wa desturi huuliza. Ndoa ilipofungwa, mjomba wa bibi arusi alikuwa nani? Mahari ilikwenda kwa nani? Maiti alipokuwa ndani, ni ukoo gani uliokaa matanga? Mtoto alipozaliwa, aliitwa jina la babu yupi? Hayo ndiyo mambo yafanyayo watu kuwa watu, wala hapana manowari iwezayo kuyaleta. Watu wale walilazimika kuyatengeneza wenyewe: jirani akawa ndugu, msimamizi wa ubatizo akawa mjomba, Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani mwa watu ambao mama zao hawakukijua. Jirani wakawaita Wamisheni, na jina hilo, zuri au baya, likawa kama jina la kabila. Kazi hii twaiona kubwa kuliko kazi ya mizinga, na hiyo ndiyo tuliyotamani kuisoma kwa kurasa nyingi zaidi.

Tena, si kila mtu aliyengoja kuokolewa. Huko Rabai, palipokuwa na misheni tangu siku za Krapf na Rebmann, watumwa wengi walikimbia kwa miguu yao wenyewe wakajificha kati ya Wakristo. Waliwatia wamisionari katika mashaka, kwa kuwa mabwana walikuja kuwadai. Jambo lile lilimalizika kwa fidia iliyolipwa kwa mkono wa Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza, na mwanzo wa mwaka 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa hati zao. Fidia ililipwa na wengine, ni kweli. Lakini mwendo wa usiku kupita porini ulikuwa wao.

Wala haifai kuficha kwamba maisha ya kijiji yalikuwa na uchungu. Mwaka 1881 habari za viboko na kufungwa zilifika mpaka London, nazo zikaulizwa. Mtoto akiambiwa hayo hatapoteza shukrani. Atajua kwamba shukrani na kweli zaweza kukaa katika nyumba moja. Vivyo hivyo juu ya Waarabu: kuwashutumu wote kwa pamoja, na kuwasahau wauzaji wa bara waliokuwa weusi kama sisi, ni kumfundisha mtoto chuki badala ya habari.

Mwaka 1956 kitabu kilitolewa kwa Kiingereza, na jina lake likageuka. Badala ya uhuru wa watumwa, ambao ni mali yao watumwa, likawa kuwekwa huru kwa watumwa wa Afrika ya Mashariki, yaani tendo la mtu mwingine. Neno dogo limehama, na pamoja nalo mwenye mali amehama. Hapo Mbotela, katika jina alilolichagua mwenyewe, alikuwa na haki kuliko mfasiri wake, na pengine kuliko baadhi ya kurasa zake mwenyewe.

Ndugu waalimu, hatusemi kitabu kiachwe. Na kisomwe, lakini mwalimu akiongeze. Amtaje William Jones, aliyekuwa mtumwa, akalelewa Nasik, akawekwa shemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Askofu alipouawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka ule, Jones ndiye aliyeurudisha msafara mpaka Rabai, mwanzo wa mwaka 1886, mbele yao bendera ya buluu yenye neno Ikabodi. Mtumwa na mtume ni maneno ya shina moja, na Paulo afunguapo waraka wake kwa Warumi ajiita yote mawili. Tofauti yao ni hii, kwamba mmoja hutumwa bila kuulizwa, na mwingine huitwa akaitika. Mwanafunzi akiijua tofauti hiyo, atakuwa amekisoma kitabu cha Mbotela vizuri.