Manjano kwenye chai ya Silibwet: kinachoingia mwilini na kinachobaki kikombeni

Kikombe cha bati kikishanywewa chai ya manjano huacha ushahidi. Pembeni kuna pete ya njano ambayo maji matupu hayaiondoi, na chini kabisa limetuama tope laini ambalo wengi wetu hulimwaga nje ya mlango. Mimi huanza kuichunguza chai hii kwenye tope hilo, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa tuliyoifuata dukani imebaki humo.

Silibwet, kwetu Wakipsigis wa Kenya, ni nchi ya majani ya chai. Kukipambazuka wachumaji wako shambani, na jioni magunia yanasubiri lori la kiwanda. Maziwa nayo tunayo, tena ya ng'ombe wa nyumbani. Manjano ndiyo mgeni. Mmea huu, wa ukoo mmoja na tangawizi, unataka joto na unyevu wa Unguja, Pemba au Tanga, wala haupatani na baridi yetu ya takriban mita 2,000 juu ya bahari. Kwa hiyo hutufikia yakiwa yamechemshwa, yakakaushwa na kusagwa, ndani ya pakiti ndogo ya dukani. Tangu janga la korona nimeyaona yakiingia katika sufuria nyingi za chai hapa mtaani, na kila anayeyatia ana sababu yake: magoti, kifua, sukari, tumbo.

Tuanze na hesabu, maana wauzaji huiruka. Kinachosifiwa ndani ya manjano ni kurkumini, ile rangi yenyewe ya njano. Katika unga wa kawaida ni kama asilimia 3 tu ya uzito. Kijiko kidogo cha chai hubeba unga wa gramu 3 hivi, kwa hiyo kina kurkumini ya miligramu 90 takriban. Kijiko hicho kikitiwa katika sufuria ya vikombe vinne, kila mnywaji ana miligramu 22 au 23, tena akinywa pamoja na tope.

Sasa linganisha. Mwaka 2014 watafiti wa Thailand walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 367 wenye maumivu ya goti kwa sababu ya kusagika kwa kiungo. Kundi moja lilipewa dondoo ya manjano miligramu 1,500 kwa siku, jingine likapewa ibuprofeni miligramu 1,200. Baada ya wiki nne nafuu ilikaribiana, na waliotumia manjano hawakusumbuliwa na tumbo kama wale wa ibuprofeni. Huo ni ushahidi wa kuheshimiwa. Lakini dondoo ile ilikuwa imekolezwa, sehemu yake kubwa ni kurkumini na jamii yake, na kikombe chetu hakifikii hata sehemu ya ishirini ya dozi hiyo. Mwaka 2017 wanakemia waliopitia utafiti wote wa kurkumini katika jarida la kemia ya dawa walihitimisha kwamba majaribio zaidi ya 120 yamefanywa kwa binadamu na bado haijathibitika kuwa dawa ya ugonjwa wowote. Naamini pande zote mbili zina la kutufundisha: manjano yana nguvu fulani dhidi ya uvimbe, na njia ya kuifikisha nguvu hiyo mwilini ndiyo ngumu.

Ugumu unaanzia kwenye maji. Kurkumini haipendi maji, inapenda mafuta. Ukikoroga unga kwenye maji ya moto na kunywa papo hapo, unakunywa rangi iliyoelea. Kuchemsha kunasaidia kuyeyusha, lakini kuna gharama: mwaka 2007 watafiti wa Mysore, India, waliona kwamba kupika manjano kunapoteza kati ya asilimia 27 na 53 ya kurkumini, na hasara kubwa kabisa ilikuwa kwenye sufuria ya presha. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaoyatokosa nusu saa nzima wakidhani rangi ikikolea dawa nayo imekolea.

Hapa ndipo chai ya Wakipsigis inapoyashinda maji ya manjano yanayosifiwa mitandaoni. Maziwa yetu hayajaondolewa malai. Mafuta yake na protini yake huishika kurkumini na kuibeba, kazi ambayo maji peke yake hayaiwezi. Aliyezoea kupika chai nusu maji nusu maziwa ameshatatua nusu ya tatizo bila kujua. Anayetaka limau alitie katika chai ya rangi, kwa kuwa limau na maziwa havikai sufuria moja.

Nusu ya pili ni pilipili manga. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore waliwapa watu wazima wenye afya gramu 2 za kurkumini tupu, na kwenye damu haikuonekana ila kwa shida. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, kiini cha ukali wa pilipili manga, kiasi kilichofika kwenye damu kilipanda kwa asilimia 2,000. Ini huwa na haraka ya kuifunga kurkumini na kuitoa nje, na piperini huichelewesha kazi hiyo. Piperini ni kama asilimia 5 ya pilipili manga, kwa hiyo robo ya kijiko kidogo yatosha sufuria nzima. Tusisahau tu kwamba ukizidisha kidogo sana mara ishirini, bado umepata kidogo.

Kwa hiyo mimi hupika hivi. Maji na manjano kwanza, na mfuniko juu, dakika kumi kwa moto mdogo. Kisha maziwa na pilipili manga iliyotwangwa wakati huo huo, maana iliyosagwa zamani imeshapoteza harufu. Yakipanda natia majani, dakika tatu tu, kwa kuwa chembe za chai ya viwandani kwetu hutoa rangi upesi na zikikawia huleta uchungu unaoua ladha ya viungo. Nachuja kwa kichungi chenye matundu mapana ili unga upite, na kila mtu anakoroga kikombe chake kabla ya funda la mwisho.

Halafu lipo jambo ambalo nalipa uzito kuliko yote haya: moto wa chai yenyewe. Hospitali ya Tenwek, jirani yetu hapa, imewahudumia kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani ya umio, watu waliofika wakiwa hawawezi kumeza hata uji, na madaktari wakawawekea kijibomba cha kuushikilia umio wazi. Watafiti wa hospitali hiyo walipowapima wakazi wa eneo hili wasio na dalili yoyote, zaidi ya mmoja katika kila kumi walikutwa na mabadiliko ya seli kwenye umio yanayoweza kuitangulia saratani. Sababu ni nyingi na bado zinachunguzwa, ila mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya moto wa kuzidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani hiyo.

Kwenye miinuko yetu maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi. Chai ikitoka jikoni ikaingia kwenye chupa ya kuhifadhi moto, inaweza kukaa juu ya 65 kwa saa nyingi, na desturi yetu ni kumhimiza mgeni anywe kabla haijapoa, kwa sababu chai iliyopoa huonekana kama dharau. Ukimeza hivyo, umeunguza utando wa koo kwa ajili ya miligramu ishirini za kitu kinachosemekana kutuliza uvimbe. Manjano hayawezi kuirudisha hasara hiyo.

Wapo pia wanaopaswa kujizuia. Anayetumia warfarini au dawa ya kifafa ya fenitoini amuulize daktari kwanza, kwa maana manjano na pilipili manga huweza kubadilisha nguvu ya dawa hizo. Mwenye mawe kwenye nyongo vilevile. Mjamzito au mwenye upungufu wa damu asiteremshie managu kwa chai hii, kwani chai na manjano vyote hushika madini ya chuma. Asubiri saa moja au zaidi. Na unga wenye njano kali ya kupindukia uuogope: nchini Bangladesh ilithibitika mwaka 2019 kwamba wachakataji walikuwa wakiyapaka manjano rangi yenye risasi. Ukipata mizizi mibichi, ikaushe na uisage mwenyewe.

Nyumbani kwangu tumebadilisha mpangilio mmoja tu. Zamani tuliomba kwanza, ndipo chai ikamiminwa. Sasa vikombe hujazwa na kuachwa wazi mezani, viazi vitamu vinaletwa, mzee anaomba bila kuharakishwa, na tukifumbua macho mvuke umepungua.