Kapu na Lori Katika Hesabu Moja

Katika shirika kubwa la misaada, kilo moja ya maharage hupita mikononi mwa watu wengi kabla haijafika kwenye sufuria. Mtaalamu wa lishe anaamua kila mlengwa apate unga kiasi gani, jamii ya kunde kiasi gani, mafuta na chumvi kiasi gani. Karatasi yake inakwenda kwa mnunuzi, naye anatafuta bei nafuu. Mnunuzi akimaliza, mtu wa usafirishaji anaachiwa atafute meli na malori. Kila mmoja anafanya kazi yake vizuri na bado fedha zinavuja, kwa sababu aliyepanga kapu la chakula hakuijua nauli, na anayeijua nauli hana ruhusa ya kuligusa kapu.

Hapo ndipo Koen Peters na wenzake walipoingilia kati. Katika makala waliyoichapisha mwaka 2021 kuhusu kazi yao na Mpango wa Chakula Duniani (WFP), wanaeleza modeli inayoamua mambo manne kwa pamoja, mwezi kwa mwezi: kapu liwe na nini, kila kitu kinunuliwe wapi, kisafirishwe kwa njia ipi, na walengwa wapewe chakula chenyewe au fedha. Kwangu, uzito wote uko katika hilo la kwanza. Kupanga safari za mizigo kwa hisabati si jambo geni. Frank Hitchcock aliandika kuhusu hilo tangu 1941. Kilichobadilika ni kwamba kapu limetoka kwenye masharti likaingia kwenye mambo yanayotafutwa.

Tuchukue mfano wa kutunga. Kambi inahitaji tani 100 za jamii ya kunde. Bandarini maharage ni dola 700 kwa tani, na kuyafikisha kambini ni dola 250 nyingine. Katika mji wa jirani kuna dengu kwa dola 760, nauli dola 90. Karatasi ikiandikwa “maharage”, bili itakuwa dola 95,000, na mnunuzi atakuwa amechagua bidhaa ya bei ya chini kweli. Ikiandikwa “protini kiasi hiki, kutoka kunde yoyote inayolika hapa”, dengu zitafika kwa dola 85,000. Protini za maharage na dengu zinakaribiana. Dola 10,000 zilikuwa zimefichwa ndani ya neno moja.

Msomaji aliyefika kidato cha nne Tanzania amewahi kuishika hesabu hii kwa penseli. Unachora mistari ya masharti kwenye karatasi ya grafu, unatia kivuli eneo lisilotakiwa, kisha unapima pembe za eneo lililobaki, kwa kuwa jibu bora hupatikana penye pembe. Shuleni kuna x na y tu. Katika kazi halisi kila bidhaa, kila muuzaji, kila njia na kila mwezi ni kigeu chake, na pembe zimekuwa nyingi kupita uwezo wa mkono. Mbinu ya simplex aliyoibuni George Dantzig mwaka 1947 huhama kutoka pembe moja hadi pembe jirani iliyo bora zaidi, bila kulazimika kuzipitia zote. Kuna pia maamuzi yasiyo na nusu: mkataba ama unasainiwa ama hausainiwi. Hayo huandikwa kwa 0 na 1, na kompyuta huligawa tatizo matawi matawi, ikikata kila tawi lisiloweza kuzaa jibu bora kuliko lililokwisha kupatikana.

Miezi nayo hufungwa pamoja kwa mlinganyo ambao kila mtunza ghala anaujua: akiba ya mwezi uliopita, ongeza kilichoingia, toa kilichogawiwa, kinachobaki ndiyo akiba ya mwezi ujao. Akiba hairuhusiwi kushuka chini ya sifuri. Sharti hilo dogo ndilo linaloilazimisha modeli kuagiza mapema.

Lakini hesabu ya chakula ina mtego wake. George Stigler, mwaka 1945, alitafuta mlo wa bei ndogo kuliko yote kutoka vyakula 77, utimize mahitaji ya virutubisho 9. Alipata dola 39.93 kwa mwaka, kwa bei za 1939. Mlo wenyewe ulikuwa unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharage, mwaka mzima. Kwa hiyo lazima masharti ya mdomo yaandikwe pia: nafaka isipungue kiasi hiki, kunde zisizidi kile, na bidhaa ambayo watu wa pale hawaipiki isiingie kabisa. Mpishi wa kambini anastahili kusikilizwa kabla kompyuta haijawashwa.

Nchini Iraki, modeli ya Peters na wenzake ilishusha gharama za operesheni kwa asilimia 12 huku kapu likitimiza asilimia 98 ya malengo ya lishe. Hapo kwenye 98 natamani kila msomaji asimame. Virutubisho vya mwisho ndivyo ghali, na modeli huonyesha waziwazi kila hatua ya mwisho inagharimu kiasi gani. Wanahisabati huiita bei ya kivuli. Lakini wastani unaweza kuficha mengi. Nishati ikitimia kabisa na madini ya chuma yakapungua sana, nambari ya jumla itapendeza huku mama mjamzito akiishiwa damu. Kila kirutubisho kiwekewe kiwango chake cha chini, na kiwango hicho akiweke mtaalamu wa lishe, si anayetafuta kubana matumizi.

Yemen ilileta swali jingine. Huko WFP ilikuwa inaongeza walengwa kutoka milioni 3 hadi milioni 6, na kabla ya kuuliza bei ilibidi kuuliza kama inawezekana: ghala lipi litakauka, na mwezi gani. Meli iliyoagizwa leo haishushi mzigo kesho. Kapu linaloweza kubadilika linasaidia hapa pia. Ikiwa kunde za aina moja bado ziko baharini na za aina nyingine ziko ghalani, mgao wa mwezi huo unaweza kupangwa kwa zilizopo, na familia iliyoandikishwa wiki hii ikaondoka na gunia lake.