Washairi 30 na Fedha za Umma

Kila serikali inapotenga ruzuku kwa taasisi za sanaa zinazopigania usawa wa rangi, malalamiko huwa yaleyale: eti sanaa haina rangi, mwenye kipaji atajulikana tu, chema chajiuza. Hebu tuipime hoja hii kwa ushairi wa Uingereza, maana huko hesabu zipo.

Mwaka 1976 Naseem Khan alitoa ripoti iitwayo The Arts Britain Ignores, yaani sanaa ambazo Uingereza inazipuuza. Ilihusu sanaa za jamii za wahamiaji, zilizokuwa hai huku vyombo vya umma vikizipita bila kuziona. Miaka 10 baadaye, Baraza la Sanaa likajiwekea lengo la kutumia asilimia 4 ya fedha zake kwa sanaa za watu wenye asili ya Afrika, Karibi na Asia. Haya, ruka hadi katikati ya miaka ya 2000. Ripoti nyingine, Free Verse, iliyochochewa na mwandishi Bernardine Evaristo, ikakuta kwamba kati ya vitabu vya ushairi vilivyotolewa na wachapishaji wakubwa nchini humo, vya washairi weusi na wenye asili ya Asia havikufika hata asilimia 1. Chema kitajiuzaje kama sokoni hakijafika?

Evaristo akaanzisha mpango wa The Complete Works, uliopata fedha kutoka Baraza la Sanaa la England. Washairi 30 walichaguliwa kwa awamu 3, kumi kumi, na kila mmoja akapewa mshairi mzoefu wa kumlea. Bloodaxe Books ikachapa mikusanyo ya mashairi yao mwaka 2010, 2014 na 2017. Yote mitatu inaitwa Ten, yaani kumi. Jina linataja idadi, halitaji rangi. Nadhani uamuzi huo ulikuwa wa busara: rangi ilizingatiwa wakati wa kufungua mlango, ila msomaji akaachiwa mashairi yenyewe.

Mashairi hayo yalijitetea. Sarah Howe alishinda T. S. Eliot Prize ya 2015, Roger Robinson ile ya 2019. Warsan Shire, aliyezaliwa Kenya kwa wazazi Wasomali, alipita humo. Nick Makoha, aliyezaliwa Uganda na kuandika Kingdom of Gravity kuhusu enzi za Idi Amin, naye alipita humo. Anayesema walibebwa asome vitabu hivyo kwanza, halafu atuonyeshe ni ubeti upi ulioandikwa na ruzuku.

Hata hivyo, utetezi huu wa tuzo unanikera kidogo, ingawa nimeutumia mwenyewe hapo juu. Ukisema ruzuku ilistahili kwa sababu walishinda, unamwambia mshairi mweusi kwamba asiposhinda, alikula fedha za watu bure. Diwani za wastani za washairi weupe zinachapishwa kila mwaka na hakuna anayedai risiti. Usawa unapaswa kujumuisha pia haki ya kuandika kitabu cha kawaida, kisha ukarudi mezani ukaandika kingine.

Haki hiyo mradi wa miaka michache hauwezi kuitoa. Inahitaji nyumba inayobaki. Mfano uko karibu na sisi kuliko tunavyodhani: jarida la Wasafiri, lililoanzishwa mwaka 1984 na Susheila Nasta, lenye jina la Kiswahili, na ambalo nalo limepokea fedha za Baraza hilo. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alikuwa miongoni mwa wahariri wake washiriki miaka mingi kabla ya Nobel ya 2021. Jarida halikusubiri ashinde ndipo limpe nafasi.

Ndiyo maana mimi, nikisoma orodha ya waliopewa ruzuku, huangalia zaidi nani amepewa kodi ya ofisi na mshahara wa mhariri kwa miaka kadhaa. Fungu la tamasha la wiki moja linanisisimua kidogo sana.