Namba zilizohifadhi rangi za maua

Ua likishachumwa halingoji mtu. Saa chache tu, petali zimelegea na rangi imeanza kufifia. Mwaka 1786 Ferdinand Bauer, mchoraji wa Austria, alifuatana na John Sibthorp, mtaalamu wa mimea wa Oxford, kwenda Ugiriki na nchi jirani. Kila kituo kilikuwa na mimea mipya, wala hapakuwa na nafasi ya kuketi na kupaka rangi ya maji kwa utulivu.

Bauer alitenganisha kazi ya penseli na kazi ya brashi. Akiwa safarini alichora umbo: mkunjo wa petali, mishipa ya jani, vinyweleo vya shina. Kisha akaandika namba ndogo ndogo juu ya sehemu za mchoro, kila namba ikisimamia rangi yake mahususi. Neno “kijani” peke yake lisingemfaa, kwa kuwa uso wa jani na mgongo wake huwa na kijani tofauti, na jani changa lina chake pia.

Brashi aliishika baada ya kufika Oxford mwishoni mwa 1787. Huko alipaka kwa kufuata namba, maua yenyewe yakiwa yamekauka zamani. Picha hizo ndizo zilizozaa Flora Graeca, kitabu cha juzuu 10 chenye picha 966, kilichochapishwa kati ya 1806 na 1840.

Namba bila jedwali la rangi hazisemi kitu, na jedwali la safari ile halijapatikana. Watafiti wa maktaba ya Bodleian wamelazimika kulinganisha michoro ya penseli na picha zilizokamilika, na kupima rangi zenyewe kwa vifaa vya maabara. Kwangu mimi, hapa ndipo kipaji cha Bauer kinapoonekana wazi zaidi: jicho lililoweza kupambanua rangi, na kumbukumbu iliyoweza kuirudisha kila moja ilivyokuwa.

Mwaka 1801 alipanda meli Investigator kwenda Australia. Safari hii namba zilikaribia 1,000. Kwa kitabu chake cha mimea ya huko alichonga mabamba ya shaba kwa mkono wake mwenyewe. Zikatoka picha 15 tu, na hakikupata wanunuzi wengi.

Ukipata nafasi ya kutazama kazi zake, anza na michoro ya penseli. Zisome namba kwanza, ndipo ugeukie picha za rangi.