Mto Chini ya Kanga: Ujauzito wa Mwigizaji kama Suala la Uhakiki wa Sanaa za Maonyesho

5.4.1 Utangulizi

Sehemu zilizotangulia za sura hii zimechambua ujauzito kama dhamira katika tamthiliya za Kiswahili. Sehemu hii inageukia jambo ambalo uchambuzi huo uliliacha pembeni, yaani ujauzito wa mwigizaji mwenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba uhakiki wetu umezoea kuisoma mimba ya mhusika na kuisahau mimba ya mtendaji. Usahaulifu huo una gharama. Unatuzuia kueleza kwa nini mwanamke anaweza kutoweka jukwaani wakati ambapo sanaa yake imeanza kukomaa, pasipo yeyote kumfukuza.

Msukumo wa kuliandika jambo hili ulitokana na tukio lililompata mtafiti, mkazi wa Usangi katika milima ya Upare. Akiwa na mimba ya miezi sita, alikuwa mshiriki wa kikundi cha maigizo kilichofanya mazoezi yake tambarare, chini ya mlima. Igizo lilimhusu mwanamke mjamzito aliyetelekezwa na mumewe, na nafasi hiyo alikuwa amepewa yeye kabla hali yake haijajulikana. Kiongozi wa kikundi alipoitambua, alimwambia kwa upole, "Mama kijacho, wewe pumzika kwanza." Nafasi ilichukuliwa na msichana mwingine, ambaye usiku wa onyesho alipanda jukwaani akiwa amefungiwa mto chini ya kanga. Mtafiti aliketi miongoni mwa watazamaji. Kila mwigizaji alipoinama, mto ulishuka, na mkono wake ukaurudisha mahali pake. Hadhira ilicheka katika onyesho lililokusudiwa kuwa la majonzi.

Tukio hilo halitajwi hapa kama lalamiko. Linatajwa kwa sababu linaibua swali la kihakiki: ni mtazamo gani wa sanaa unaofanya mto ufae kuigiza ujauzito kuliko ujauzito wenyewe?

5.4.2 Mimba ya mhusika

Sehemu ya jibu imo katika matini zetu. Katika Hatia (1972), Penina Muhando anamchora msichana wa kijijini anayekwenda mjini na kurudi akiwa mjamzito. Jina la tamthiliya hiyo limewaelekeza wasomaji kwenye swali moja: hatia ni ya nani? Swali hilo lilikuwa la lazima wakati wake na bado lina uzito. Hata hivyo, linaufanya ujauzito kuwa ushahidi. Tumbo linasomwa kama hati ya mashtaka, na mwenye tumbo anabaki kuwa mtu aliyetendwa.

Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Muhando, ambaye wakati huo alijulikana kama Penina Mlama, pamoja na Amandina Lihamba, ulipiga hatua muhimu. Wasichana wa shule za sekondari walichunguza matatizo yao, wakayaigiza na kuyajadili mbele ya walimu na wanafunzi wenzao. Kwa mara nyingine, mimba ilionekana kama tishio kwa masomo. Haikuwa rahisi kuiona vinginevyo, kwa kuwa mwanafunzi aliyepata mimba alipoteza nafasi yake shuleni, na ni mwezi Novemba 2021 tu ambapo serikali ilitangaza kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurejea katika shule za mfumo rasmi.

Mtafiti hapingi usomaji huo. Anachosema ni kwamba kutokana nao tumerithi msamiati finyu. Tunajua kuijadili mimba ya msichana aliyeponzwa. Hatujui kuijadili mimba ya mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyeitaka, ambaye pia anautaka uigizaji. Tamthiliya iliyo karibu zaidi na hali yake ni Nguzo Mama (1982), ingawa haimhusu mwigizaji. Wanawake wa kijiji cha Patata wanashindwa kuisimamisha nguzo kwa kuwa kila mmoja ana yake yanayomvuta. Kazi ya pamoja inavunjika pole pole, bila adui mmoja wa kunyooshewa kidole. Mwigizaji mjamzito huondoka jukwaani kwa namna hiyo hiyo: anaambiwa apumzike, kisha haitwi tena.

5.4.3 Usangi na mimba kama tendo

Historia ya Upare inatoa kielelezo kinachokwenda kinyume na mkondo huo. Katikati ya miaka ya 1940, Wapare waliipinga kodi mpya iliyokadiriwa kwa kipato, katika harakati zilizojulikana kwa jina la mbiru, ambazo zimechambuliwa kwa kina na mwanahistoria Isaria Kimambo. Wanaume kwa maelfu walishuka Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi huko. Jean O'Barr, aliyeandika kuhusu ushiriki wa wanawake katika siasa za Upare, anaeleza kwamba mkuu wa wilaya wa Kiingereza alipofika Usangi, wanawake walimzingira wakamtaka achague: amalize mgogoro wa kodi ili waume zao warudi nyumbani, au awape mimba wote yeye mwenyewe.

Wanahistoria wamelisoma tukio hilo kama siasa. Linaweza pia kusomwa kama sanaa ya maonyesho. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walibainisha mambo manne yanayoikamilisha sanaa hiyo: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Usangi mambo yote manne yalikuwapo. Dhana ilikuwa kaya iliyokosa mume kwa sababu ya kodi. Watendaji walikuwa wanawake. Uwanja ulikuwa pale aliposimama mtawala. Na mtawala mwenyewe alilazimishwa kuwa mtazamaji. Inawezekana kupinga kwamba wanawake hao hawakuwa wasanii na hawakukusudia sanaa. Pingamizi hilo lina ukweli, na mtafiti hadai kwamba walikuwa wakiigiza kwa maana ya kitaaluma. Anachodai ni kwamba walijua matumizi ya kijukwaa ya mwili unaoweza kubeba mimba. Katika Hatia mimba ni siri inayofichuka. Kwa wanawake wa Usangi ilikuwa kauli iliyotamkwa hadharani, na aliyepaswa kuona aibu ni mwenye mamlaka.

Kielelezo hicho kinafichua pia pengo katika fasili yenyewe. Mtendaji ametajwa, lakini hali ya mwili wake haijaulizwa. Fasili inamchukulia kana kwamba mwili wake ni ule ule mwaka mzima.

5.4.4 Kazi, kujuana na sheria

Pengo hilo la kinadharia linaonekana waziwazi tunapotazama kazi ya uigizaji. Wasanii wa vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo vilivyoundwa baada ya uhuru walikuwa waajiriwa wa serikali. Amandina Lihamba, aliyeigiza katika filamu za Arusi ya Mariamu (1985) na Maangamizi (2001), alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Kwa watu wa kundi hilo, mshahara haukutegemea kupata nafasi katika igizo linalofuata. Mwigizaji wa filamu za video zilizoshamiri Dar es Salaam tangu miaka ya 2000 yuko katika mazingira tofauti. Mara nyingi hulipwa kwa kazi moja moja, na kazi hiyo huipata kwa kujuana: kuhudhuria mazoezi ya jioni, kuonekana kwenye uzinduzi wa filamu, kukaa na waongozaji hadi usiku. Vijana huita jambo hilo koneksheni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inamruhusu anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Inakataza pia mjamzito kufanyishwa kazi usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua. Msingi wa haki hizo ni uhusiano wa ajira, nao koneksheni haina mwajiri. Saa ambazo sheria inamlinda mwajiriwa mjamzito ndizo ambazo mwigizaji asiye na ajira analazimika kuwapo ili akumbukwe. Kwa mkazi wa Usangi kuna pia barabara: mazoezi yanayokwisha saa tatu usiku yanamwacha tambarare, na kitanda chake kiko juu mlimani.

Mifano miwili ya Marekani inasaidia kupima hali hii. Lucille Ball alipopata mimba mwaka 1952, mimba yake iliingizwa katika hadithi ya mchezo wa televisheni wa I Love Lucy, japokuwa kituo kilichourusha hakikuruhusu neno la Kiingereza lenye maana ya "mjamzito" litamkwe. Yeye na mumewe walikuwa wamiliki wa kampuni iliyoutengeneza mchezo huo. Hunter Tylo aliondolewa katika tamthiliya ya Melrose Place baada ya kupata mimba, na mwaka 1997 baraza la wazee wa mahakama huko Los Angeles liliamua alipwe karibu dola milioni 5. Yeye alikuwa na mkataba. Mmoja alilindwa na umiliki, mwingine na mkataba. Mwigizaji tunayemjadili hana kimojawapo, na neno "pumzika" alilopewa halikuambatana na tarehe ya kurudi. Mtoto wa mtafiti alipotimiza siku arobaini, kikundi kilikuwa kimeshaanza igizo jingine na nafasi zote zilikuwa zimegawanywa.

Ni haki kukiri kwamba ushauri ule ulikuwa na busara ndani yake. Ujauzito una hatari zake, na kiongozi wa kikundi kisicho na gari wala bima anaweza kuogopa kwa nia njema. Sehemu hii haidai kwamba mjamzito alazimishwe kuigiza. Inadai kwamba uamuzi uwe wake, na kwamba kupumzika kusihesabiwe kuwa kujiuzulu.

5.4.5 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kwamba tamthiliya zetu zimeufanya ujauzito kuwa ushahidi au tishio, ilhali wanawake wa Usangi waliufanya kauli. Umeonesha pia kwamba nadharia ya sanaa za maonyesho, kwa kutouliza hali ya mwili wa mtendaji, imeshindwa kuiona njia ambayo wanawake hupotelea. Mtafiti anapendekeza kwamba anayehakiki onyesho lenye mhusika mjamzito asiishie kwenye matini. Aulize nani alipewa nafasi hiyo, nani aliikosa, mazoezi yalikwisha saa ngapi, na aliyejifungua aliitwa lini tena. Majibu yake ni sehemu ya maana ya onyesho, kama ulivyokuwa mto uliokuwa ukishuka chini ya kanga, ambao watazamaji wote waliuona.